Peptidi za kinga, kolistini na ngozi iliyoungua: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya madaktari, wauguzi, wafamasia na watu wa maabara wanaohudumia wagonjwa mahututi. Umri, mahali, tarehe na mengine yanayoweza kumtambulisha mgonjwa yameondolewa au kubadilishwa. Hospitali haitajwi.

Usuli

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye watoto, hakuwa na kisukari wala ugonjwa mwingine wa kudumu. Aliungua jikoni baada ya mpira wa mtungi wa gesi kuvuja na moto kushika khanga aliyojifunga. Eneo lililoungua tulilikadiria kuwa asilimia 28 ya mwili: sehemu za miguu yote miwili, mapaja, chini ya kitovu na mkono wa kulia. Karibu nusu ya eneo hilo moto ulikuwa umepenya unene wote wa ngozi. Palikuwa peupe, pakavu, na ukipachoma kwa sindano hasikii kitu.

Kabla hajafika popote, majirani walimpaka ute wa yai na asali. Wodini huwa tunakemea mambo haya na kuendelea na kazi, lakini kwa mada yetu yanafaa kutazamwa. Ute wa yai una lisozimu, kimeng'enya kinachobomoa kuta za bakteria, ambacho Alexander Fleming alikieleza mwaka 1922, kabla ya penisilini. Asali ina defensini ya nyuki, peptidi (kipande kifupi cha protini) ambayo mdudu huyo huitengeneza kujilinda na vimelea. Majirani walikuwa wanapaka kinga ya kuku na kinga ya nyuki juu ya ngozi iliyopoteza kinga yake. Ila yai bichi linaweza kubeba Salmonella, na likikauka linafunika jeraha hadi huwezi kupima kina chake. Asali iliyoandaliwa kitabibu ina ushahidi mzuri kwa majeraha ya juujuu. Haya hayakuwa ya juujuu.

Kituo cha afya kilimpa dripu, diklofenaki ya maumivu na antibayotiki ya seftriaksoni, kikampa rufaa. Alitufikia kesho yake. Kwa uzito wa kilo 54 na asilimia 28, kanuni ya Parkland inadai karibu lita 6 za maji ya dripu katika saa 24 za kwanza, nusu yake ndani ya saa 8 tangu kuungua. Alikuwa amepata lita 2. Mkojo kwenye mfuko ulikuwa kidogo na mweusi kama chai ya rangi.

Kinachopotea ngozi ikifa

Ngozi hai ni kiwanda cha dawa. Seli zake za juu hutengeneza peptidi fupi zenye chaji chanya: beta-defensini 2, kathelisidini iitwayo LL-37, na nyinginezo. Hata jasho lina ya kwake, demsidini. Utando wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo peptidi hizi huvutwa nao, zikajichomeka ndani ya mafuta yake, utando ukatoboka. Beta-defensini 2 ilipatikana kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1997, ikitolewa kwenye magamba ya wagonjwa wa soriasisi, na ndiyo maana ngozi ya soriasisi, pamoja na kuchubuka kwake kote, huambukizwa bakteria mara chache kuliko mtu angetarajia.

Chini ya ngozi kuna ngazi ya pili. Neutrofili (seli nyeupe za kinga) zinazopita kwenye damu zimebeba chembe zilizojaa defensini, LL-37 na protini kubwa kidogo iitwayo BPI inayoshika endotoksini, sumu iliyo kwenye utando wa bakteria. Zikifika kwenye jeraha hummeza bakteria na kumwaga shehena hiyo juu yake.

Moto wa kina huondoa ngazi zote mbili kwa wakati mmoja. Seli za ngozi zimekufa, hazitengenezi chochote, na vipimo vya majeraha ya moto vimeonyesha upungufu wa beta-defensini 2 hapo. Mishipa midogo ya damu nayo imeziba, kwa hiyo neutrofili hazifiki. Antibayotiki uliyoiweka kwenye dripu haifiki vilevile. Kinachobaki ni protini iliyopikwa, yenye joto na unyevu, isiyo na mlinzi. Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu maamuzi yote yanayofuata, mazuri na mabaya, yanasimama juu yake.

Mtiririko wa matukio

Siku tano za kwanza zilienda vizuri. Mkojo ulirudi, alianza uji wa lishe kwa mpira wa pua siku ya kwanza, vidonda vilioshwa na kupakwa krimu ya silva salfadiazini. Seftriaksoni tuliisimamisha, maana hakuwa na maambukizi na kuitoa kwa kinga kwenye majeraha ya moto hakumfai mgonjwa, kunachagua bakteria sugu tu. Alipangiwa kukatwa ngozi iliyokufa na kupandikizwa, ila foleni ya chumba cha upasuaji ilikuwa ndefu na damu ya kundi lake ilikuwa chache.

Siku ya sita alfajiri, muuguzi wa zamu aliandika kwenye faili: "Mgonjwa anaongea maneno yasiyoeleweka, anatetemeka." Mapigo 138 kwa dakika, presha 84 kwa 50, anapumua mara 32. Paja la kulia lilikuwa limebadilika rangi kuwa kijivu chenye madoa ya zambarau. Tulichukua damu chupa mbili na kipande cha nyama ya jeraha kwa ajili ya kuotesha, tukaanza antibayotiki ya meropenemu ndani ya saa moja, dripu, na baadaye noradrenalini ya kupandisha presha.

Siku ya nane maabara ilitoa jibu: Acinetobacter baumannii, kwenye damu na kwenye jeraha, sugu kwa meropenemu, seftazidimu, siprofloksasini, amikasini na gentamaisini. Kimelea hiki kikiwa sugu kwa kundi la meropenemu kimo kwenye daraja la juu kabisa la orodha ya Shirika la Afya Duniani ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Kwenye karatasi ya majibu, mstari wa mwisho uliandikwa: kolistini, inakubali (S), yaani dawa hiyo inamwua kimelea.

Uamuzi wa kwanza: kolistini

Kolistini ni antibayotiki ambayo yenyewe ni peptidi asilia. Iligunduliwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1940, ikitengenezwa na bakteria wa udongo anayejilinda dhidi ya majirani zake. Inafanya kazi kwa jinsi ileile ya peptidi zetu: chaji chanya inashika lipidi A, sehemu ya mafuta ya utando wa nje wa bakteria, inasukuma kando kalsiamu na magnesiamu zinazoshikilia utando huo, kisha utando unapasuka. Ilitumika tangu miaka ya 1950, ikaachwa miaka ya 1970 kwa sababu ya kuumiza figo na neva, kisha usugu ukatulazimisha kuirudia. Kati ya familia nzima ya peptidi zinazoua bakteria wa aina hii, hii na ndugu yake polimiksini B ndizo zinazodungwa kwenye mshipa hospitalini kila siku.

Ugumu ulikuwa pale kwenye neno "inakubali". Maabara ilikuwa imepima kwa kidonge cha karatasi juu ya sahani ya agari, na kwa kolistini kipimo hicho hakiaminiki. Molekuli yake ni kubwa na haisambai vizuri kwenye agari, hivyo duara linalotokea halisemi ukweli. Njia inayokubalika ni kuyeyusha dawa kwa viwango tofauti ndani ya mchuzi wa kuoteshea. Mtaalamu wa maabara alilisema mwenyewe kwa simu, bila kuulizwa: "Daktari, hiyo S msiitegemee, naipeleka kurudiwa." Hatukuweza kungoja. Tulianza dawa jioni ileile, na jibu la marudio lilipokuja siku chache baadaye lilikuwa miligramu 0.5 kwa lita, kiwango cha chini kinachotia moyo.

Dozi ya kuanzia tuliiweka unit milioni 9, kisha milioni 4.5 kila baada ya saa 12. Dozi kubwa ya mwanzo inatakiwa kwa sababu kinachodungwa ni umbo la dawa ambalo bado halijawa kolistini. Mwili hulibadilisha polepole, na bila dozi hiyo unaweza kupita siku mbili kabla kiwango kwenye damu hakijafika panapotakiwa. Mgonjwa wa sepsisi, ambaye maambukizi yameangusha mwili mzima, hana siku mbili.

Hapa palitokea jambo ambalo nataka kila mfamasia alisome. Juu ya kaunta ya famasi palikuwa na maboksi mawili ya watengenezaji tofauti. Moja limeandikwa unit milioni 1 kwa kichupa. Jingine limeandikwa miligramu 150, na miligramu hizo ni za kolistini yenyewe. Mwandikaji wa dawa alikuwa ameandika "mg 300". Kwa boksi la pili hiyo ni sawa na karibu unit milioni 9, yaani dozi sahihi. Lakini vipo vyanzo vinavyohesabu miligramu za lile umbo linalodungwa, ambapo unit milioni 1 ni miligramu 80. Anayehesabu hivyo akiwa na boksi la kwanza mkononi, "mg 300" inakuwa vichupa vinne visivyotimia, chini ya nusu ya dozi. Mfamasia alikataa kutoa dawa hadi dozi iandikwe upya kwa unit. Ilichukua kama dakika kumi, na naamini ni dakika zilizotumika vizuri kuliko nyingi za usiku ule.

Uamuzi wa pili: vichupa vya mjomba

Kesho yake mjomba wa mgonjwa alitusubiri nje ya wodi na chupa ya chai iliyojaa barafu. Ndani yake, kwenye mfuko wa nailoni, mlikuwa na vichupa vidogo vya unga mweupe vilivyonunuliwa mtandaoni na ndugu aliye ughaibuni. Lebo ilisema LL-37, miligramu 5, na chini yake, kwa Kiingereza cha herufi ndogo, kwamba ni kwa utafiti tu na si kwa matumizi ya binadamu. Hakukuwa na anwani ya mtengenezaji.

"Daktari, mwanetu anaondoka huku tunamwona," alisema. "Tumesoma kwamba kitu hiki mwili wa binadamu unakitengeneza wenyewe. Kitamdhuru vipi?"

Ni swali la haki, tena ni swali ambalo makampuni ya dawa yamejiuliza kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimjibu, "Mzee wangu, hata insulini mwili unaitengeneza, na ukimdunga mtu bila kujua kipimo unamuua." Kisha tukakaa kwenye benchi tukazungumza kwa marefu.

Tulikataa kwa sababu kadhaa. Unga ambao hakuna aliyepima kama ni safi unaweza kuwa na endotoksini ndani yake, na mgonjwa huyu alikuwa anakufa kwa endotoksini. Hata ungekuwa safi, LL-37 kwenye damu haifanyi inachofanya kwenye sahani ya maabara: chumvi ya mwili inaipunguza nguvu, protini zinazobeba mafuta kwenye damu zinaishika, vimeng'enya vinaikata. Ukiongeza dozi ili kushinda vizuizi hivyo, inaanza kutoboa seli za mgonjwa mwenyewe. Vilevile peptidi hii ni ishara pamoja na kuwa silaha. Inaita seli za kinga na kuzichochea, na kwa mtu ambaye tayari mwili wake umewaka hujui unaongeza nini.

Historia ya majaribio ilituunga mkono. Dawa ya kupaka iitwayo peksiganani, iliyotokana na peptidi ya ngozi ya chura ambayo Michael Zasloff aliieleza mwaka 1987, ilikataliwa Marekani mwaka 1999 kwa vidonda vya miguu vya kisukari. Kipande cha BPI kilijaribiwa Uingereza na Marekani kwa watoto 393 wenye maambukizi makali ya meningokoka, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, matokeo yakachapishwa mwaka 2000: walikufa asilimia 7.4 kati ya waliopata dawa na asilimia 9.9 kati ya wasiopata, tofauti ndogo mno kuthibitisha chochote, ingawa waliokatwa viungo vingi walionekana kuwa wachache upande wa dawa. Talaktoferini, iliyotokana na protini ya maziwa ya mama, ilionyesha matumaini kwenye jaribio dogo la sepsisi. Jaribio kubwa lilisimamishwa mwaka 2012 kwa kuwa vifo vilielekea kuwa vingi zaidi upande wa dawa.

Mjomba aliuliza pia juu ya vitamini D, maana alisikia inaamsha kinga. Ni kweli vitamini D huwasha jeni la kathelisidini. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, ambapo wagonjwa mahututi wenye upungufu walipewa dozi moja ya unit 540,000, haukupunguza vifo. Tulimwambia akitaka kumsaidia, alete ndugu wachangie damu. Alileta vijana wanne mchana uleule.

Uamuzi wa tatu: kisu

Mabishano makubwa ndani ya timu yalikuwa hapa. Daktari wa usingizi alitaka presha itulie kwanza; mgonjwa aliye kwenye noradrenalini anaweza kufia mezani. Daktari wa upasuaji alisema presha haitatulia paja lile likiwa bado pale. Wote wawili walikuwa na hoja. Kilichoamua ni ile hesabu ya mishipa iliyoziba: kolistini ilikuwa inaua bakteria kwenye damu, lakini shina lao lilikuwa ndani ya nyama isiyofikiwa na damu, na kila saa lilirudisha wengine.

Tulikubaliana kukata kwa awamu. Siku ya tatu ya kolistini, kwa damu ya wale vijana, lilisafishwa paja la kulia peke yake, kazi ya chini ya saa moja, bila kupandikiza. Siku tatu baadaye likafuata la kushoto na miguu. Upandikizaji ulifanyika majeraha yalipokuwa mekundu na safi, kwa ngozi ya mgongoni iliyotobolewa ili itanuke.

Saa 36 baada ya awamu ya kwanza noradrenalini ilitoka.

Matokeo

Figo zililipa gharama. Siku ya tano ya kolistini kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, ilipanda kutoka 78 hadi 214, na mgonjwa alisema midomo ina ganzi, dalili ya dawa kugusa neva. Diklofenaki iliyokuwa bado kwenye karatasi ya dawa iliondolewa, maji yakaongezwa, dozi ikashushwa kulingana na uwezo wa figo hadi unit milioni 5 kwa siku. Hakuhitaji kusafishwa damu. Dawa ilisimama baada ya siku kumi, ganzi ikaisha, na kreatinini ilikuwa 96 alipokuwa anatoka.

Aliruhusiwa baada ya miezi miwili na kidogo. Sehemu ya ngozi ya paja la kulia haikushika na ilirudiwa. Goti la kulia halinyooki lote, anaendelea na mazoezi ya viungo.

Wagonjwa wengine wawili wa wodi ileile waliota Acinetobacter wenye usugu unaofanana. Mmoja wao alifariki.

Uchambuzi

Ukiniuliza ni nini kilimwokoa, nitasema paja lililosafishwa kwanza, kolistini pili. Peptidi, iwe ya mwili, ya chura au ya bakteria wa udongo, inaua pale inapofika kwa kiwango cha kutosha. Ya ngozi imeumbwa kwa kazi ya mpakani, mahali padogo, ikimwagwa na seli iliyo karibu na adui. Kuihamishia kwenye lita tano za damu ni kuipa kazi nyingine kabisa, na majaribio niliyoyataja yanaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu. Kukata nyama iliyokufa kuliruhusu neutrofili za mgonjwa zifike tena na peptidi zake. Kupandikiza ngozi kulirudisha seli zinazozitengeneza. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo tiba ya peptidi asilia tuliyo nayo leo kwa mgonjwa wa moto, na kulisha tumbo mapema ni sehemu yake, kwa sababu utumbo nao una seli zake za kumwaga defensini na unahitaji kuwa na uhai.

Kwa hiyo kushindwa kukubwa kwa kisa hiki kulitokea kabla ya homa. Siku tano za kungoja upasuaji, mgonjwa akiwa imara na presha nzuri, ndizo zilizompa Acinetobacter nafasi. Awamu ile ya kwanza ya upasuaji ingekuwa salama zaidi siku ya tatu kuliko siku ya kumi. Diklofenaki nayo haikuwa na sababu ya kubaki kwenye karatasi pamoja na dawa inayojulikana kwa kuumiza figo. Ilirithiwa kutoka rufaa na ikapita mikononi mwa watu wengi bila kuulizwa.

Kuhusu meropenemu, baadhi ya wenzangu walitaka iendelee pamoja na kolistini. Tuliisimamisha. Utafiti wa wagonjwa 406 uliochapishwa mwaka 2018, wengi wao wakiwa na Acinetobacter, haukuona faida ya kuchanganya hizo mbili ikilinganishwa na kolistini peke yake.

Wale wagonjwa wawili wengine wanahusu meza ya kuoshea vidonda. Sampuli kutoka kwenye mpira wa bomba lake iliota kimelea hichohicho. Tangu hapo meza inapanguswa kwa klorini kati ya mgonjwa na mgonjwa, na mpira umebadilishwa.

Kuna jambo moja la kolistini ambalo linanisumbua kuliko mengine. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba Acinetobacter waliopata usugu wa kolistini ndani ya wagonjwa waliotibiwa nayo walikuwa pia wagumu kuuawa na LL-37 na lisozimu. Sababu inaeleweka: bakteria hubadilisha lipidi A yake ili ipunguze chaji hasi, na kolistini na LL-37 zote zinatafuta chaji ileile. Mwaka 2015 Uchina ilipotangazwa jeni la mcr-1, linalobeba mabadiliko hayo na kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, lilikuwa limepatikana kwa nguruwe, nyama ya dukani na wagonjwa. Huku kwetu unga wa kuku wenye kolistini unauzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, na mfugaji anauchanganya na maji ya kunywa kuku hata kabla hawajaugua. Mgonjwa wetu alitibiwa kwa dawa ambayo nje ya geti la hospitali haihitaji cheti cha daktari.

Fomu ya dawa ya wodi yetu sasa inaandika kolistini kwa unit tu, na maabara haitoi tena jibu la kolistini la kidonge cha karatasi. Orodha ya wagonjwa wa moto wa kina imetengewa nafasi mbili za chumba cha upasuaji kila wiki. Damu bado inategemea ndugu wa mgonjwa.